Bustani ya mitarakwa ya barabara ya Kondoa: wanauza kidogo, wanauliza sana

Kama shamba lako liko Nala, Kikombo, Ihumwa au popote kwenye tambarare ya Dodoma, usiende kwenye bustani hii ya miche kutafuta mtarakwa, ule mti wa milimani wenye mbao nyekundu zisizoguswa na mchwa. Hutauziwa. Mama mwenye bustani atakuuliza shamba liko wapi, liko juu kiasi gani, nani analala huko, na mbuzi wa nani wanapita hapo. Akisikia ni tambarare, atakuhamishia upande wa pili kwenye mikwaju, miarobaini na migunga, akueleze namna ya kuchimba shimo, na habari ya mtarakwa itaishia hapo. Nilimshuhudia akimjibu hivyo baba mmoja aliyekuja na pikapu akitaka miche mia mbili ya kuzungushia kiwanja. Pesa ilikuwa tayari mkononi. Aliondoka na mikwaju.

Mimi nilitoka pale na mitarakwa arobaini, na nilikuwa nimeomba mia. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wenye mashamba ya milimani, wa Kondoa hasa, kwa sababu naamini bustani hii inauhifadhi mti huu vizuri kuliko kampeni nyingi za kupanda miti nilizowahi kushiriki na wanafunzi wangu. Na inafanya hivyo kwa kukataa wateja.

Iko upande wa kushoto ukitoka mjini, kabla hujafika Msalato. Bango hakuna, tazama uzio wa michongoma na tenki jeusi juu ya mnara wa mbao. Ndani ni pasafi. Matuta ya viriba, yaani vifuko vya kuoteshea miche, yamepangwa kwa umri, njia zimefagiliwa, na kila tuta lina kibao cha bati chenye namba. Namba hiyo ukiifuata kwenye daftari lake unakuta tarehe ya kusia, mbegu ilikotoka na zilizoota ni ngapi. Nimezunguka bustani nyingi za Dodoma tangu kampeni ya Dodoma ya Kijani ianze mwaka 2017, na daftari kama hilo sikuwahi kuliona kwa muuzaji wa kando ya barabara. Kwa kawaida ukiuliza mbegu imetoka wapi unajibiwa "Morogoro" na mtu anayeangalia simu yake.

Kwa mtarakwa, swali hilo lina uzito. Daftari lilionyesha mafungu mawili, moja la Shume kule Usambara Magharibi na lingine la mteremko wa magharibi wa Kilimanjaro, upande ule mkavu. Nilipomwambia shamba letu liko juu ya Haubi, akaweka kidole kwenye fungu la Kilimanjaro bila kusita. "Huyu amezaliwa kwenye ukame, mwanangu. Wa Shume atakulilia Agosti."

Nieleze kwanza kwa nini mtu wa Kondoa anautafuta mti huu. Ni mchwa. Kwetu ukisimika nguzo ya mkaratusi isiyotiwa dawa, mchwa wanaimaliza chini ya udongo huku juu ikionekana nzima, na siku ng'ombe akijikuna hapo uzio mzima unalala. Nguzo ya mtarakwa hawaigusi. Baba yangu alizungushia boma letu nguzo za mtarakwa alizonunua kwenye lori lililotoka kaskazini, nikiwa bado shule ya msingi. Baba ametangulia, nguzo zimesimama. Ukikwangua moja kwa kisu, chini ya ule weupe wa jua unakuta wekundu wake na harufu yake vilevile, ile harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi. Na kweli mti huu umechongwa penseli nyingi. Wajerumani, mwanzoni mwa karne iliyopita, walijenga njia ya kamba za chuma kutoka Mkumbara kupanda hadi Shume kwa ajili ya kuteremsha magogo ya mtarakwa kwenye reli ya Tanga. Wasambaa, wanaouita mwangati, wameona msitu huo ukipungua kizazi baada ya kizazi, na sehemu kubwa ya palipokatwa pakapandwa misindano na saiprasi.

Haikupandwa tena mitarakwa kwa sababu mtarakwa hauna haraka. Saiprasi unaipanda ukiwa na mtoto mchanga, unapasua mbao akiwa kijana. Mtarakwa unampandia mjukuu. Halafu una mambo yake. Kwa kawaida kuna mti dume na mti jike, na jike peke yake ndiye mwenye matunda, yale madogo ya buluu iliyokolea yenye vumbi jeupe kama la zabibu. Ndege wanayala na kuzisambaza mbegu. Ukibakiza mti mmoja katikati ya shamba ukaukata wa jirani yake, unaweza kuwa umeacha kikongwe kisichopata mtoto tena. Mche nao unataka mwanga. Chini ya kivuli cha wazazi wake hauinuki. Unapenda mahali palipo wazi, hata palipoungua moto zamani. Lakini moto uleule ukirudi ukiukuta mti mkubwa unauua, kwa kuwa gome lake ni la nyuzinyuzi kavu zinazoshika upesi. Kwa hiyo kuulinda msitu wa mtarakwa ni kazi ya kupima: kuzuia moto na mifugo, na papo hapo kuacha mahali pa wazi pa miche kuota.

Kwenye orodha ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, mtarakwa hauhesabiwi kuwa mti ulio hatarini, kwa kuwa eneo lake ni refu, kutoka milima ya Yemen na Ethiopia hadi Malawi. Hilo lisitufariji sana. Mti unaweza kuwepo duniani na ukatoweka mlimani kwako. Kule Djibouti, kwenye milima ya Goda, kuna msitu wa Day ambao mti wake mkuu ni mtarakwa huuhuu wetu. Nchi yenyewe ni kavu kupita Dodoma yoyote unayoijua. Sehemu kubwa ya mitarakwa hiyo imekufa ikiwa imesimama, kwa ukame, malisho na kukatwa, na pamoja nayo yuko hatarini kwale wa Djibouti, ndege asiyepatikana katika nchi nyingine yoyote. Pakistani nao wana misitu ya Ziarat, kwenye milima mikavu ya Balochistan, ya mti mwingine wa jamii hii; UNESCO iliitambua mwaka 2013 kuwa hifadhi ya bayosfia, yaani eneo la kulinda asili pamoja na maisha ya wenyeji, na bado kazi kubwa ya wenyeji ni kubishana na shoka la kuni wakati wa baridi.

Turudi bustanini.

Mbegu za mtarakwa nyingi huwa tupu. Mama alinionyesha: anazikamua kwenye tunda, anazimwaga kwenye ndoo ya maji, zinazoelea anazitupa, zilizozama ndizo anazosia. Hata hizo haziji zote. Miche anakaa nayo mwaka na zaidi kabla ya kuiuza, na miezi ya mwisho anaitoa chini ya chanja na kuipunguzia maji kidogo kidogo ili izoee jua. Hapo ndipo inapotoka bei. Mche mmoja ni shilingi 3,000, wakati mche wa mwarobaini hapohapo ni 500. Nilipouliza kama atanipunguzia alinipa ndoo ile na kuniambia nihesabu zilizoelea. Sikuuliza tena, na kwa miche niliyopata naona bei ni halali.

Kwa sababu ya bei hiyo, wapo wanaouza saiprasi kwa jina la mtarakwa. Nilionyeshwa miche ya namna hiyo sehemu nyingine mjini, muuzaji akiapa kwa jina la mama yake. Shika jani. Mche mdogo wa mtarakwa una majani ya sindano, yanachoma kiganja ukiubana; yale ya magamba laini huja baadaye mti ukikua. Mche wa saiprasi ni laini mapema. Kama kuna mti mama karibu, angalia tunda: la saiprasi ni gumu kama mbao na linapasuka vipande, la mtarakwa ni la nyama na unaweza kulitumbua kwa kucha.

Sasa kuhusu yale maswali yake. Aliponiuliza urefu wa mlima nilidhani ananipotezea muda. Nikafungua simu, picha niliyopiga shambani ikaonyesha zaidi ya mita 1,800. "Hapo sawa," akasema. Dodoma mjini tuko kwenye mita kama 1,100, mvua huwa chini kidogo ya milimita 600 kwa mwaka, na yote inamwagika kati ya Desemba na Aprili. Mtarakwa unastahimili ukame, ila ukame wa mahali pa baridi, mita 1,500 kwenda juu, penye umande na ukungu wa asubuhi. Ukiuleta kwenye joto la Ihumwa utaishi kwa mpira wa maji, utapinda, na siku ukisafiri wiki mbili utakuta ni fagio. Halafu mwenye kiwanja atawaambia watu kwamba mitarakwa haioti. Mama anaijua hadithi hiyo, na hataki miche yake iingie humo.

Swali la pili lilikuwa la mbuzi, na hapo ndipo nilipokatwa kutoka mia hadi arobaini. "Nani analala huko?" Nikasema mjomba. "Ana nguvu ya kuzungushia miche mingapi?" Nilinyamaza. Tukampigia mjomba palepale, simu ikiwa kwenye spika juu ya meza ya viriba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Habari za huko?"

"Nzuri. Mjomba, tukileta miche ya mtarakwa, miiba ya kuzungushia unaweza kukata ya miche mingapi?"

Kimya kidogo. "Ya arobaini, mjomba. Hamsini nitakudanganya."

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika na kuanza kuhesabu. "Mche usio na mwenyewe ni chakula cha mbuzi," akasema, huku akichagua mmoja mmoja, anauinua, anatazama chini ya kiriba kama mzizi umetoka, mingine anairudisha.

Mjomba wangu ana sababu ya kuelewa lugha hiyo. Sisi wa Kondoa tunakumbuka HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza mwaka 1973. Makorongo yalikuwa yamekula nchi mpaka mtu akishuka ndani hakuonekana. Wakachimba makinga maji, wakapanda miti, na bado udongo ukaendelea kuondoka, hadi mwaka 1979 serikali ilipoamua mifugo yote itoke kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Wazee waliumia, na wengine hawajasamehe mpaka leo. Ng'ombe walikuwa ndio akiba yao na mahari ya watoto wao. Lakini mjomba husema jambo moja kila tunapopita kwenye vilima vile vilivyofunikwa sasa: "Hii hakupanda mtu. Mguu wa ng'ombe ulipoondoka, yenyewe ikarudi." Ndiyo maana mwenye bustani anayeuliza habari ya mbuzi kabla ya habari ya pesa, kwangu mimi, anajua kazi yake. Tumepanda miti mingi sana Dodoma kwa siku moja moja za sherehe, na mingi tuliiacha palepale tulipopigia picha.

Huduma baada ya kuuza nayo ni nzuri. Alinipa karatasi aliyoiandika kwa mkono: mashimo yachimbwe Oktoba yapate jua, udongo wa juu uwekwe peke yake, panda mvua ikishalowesha chini kabisa na si ile ya kwanza ya kudanganya. Pembeni ya mche weka mawe, usiweke nyasi. Sehemu nyingine nyasi kavu ni matandazo mazuri, lakini kwetu unakuwa umewaandalia mchwa karamu, na mche mchanga hauna bado ule ubishi wa nguzo. Kwa kiangazi, chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyotobolewa tundu dogo, ifukiwe mdomo juu. Februari mvua ilipokatika kama kawaida yake nilimpigia, akapokea, akataka picha, akasema niongeze mawe upande wa magharibi. Karibu robo tatu ya miche imevuka kiangazi. Iliyokufa, mingi ilikuwa ile ya ukingoni ambako mjomba aliishiwa miiba.

Sina sifa tu. Kuna mambo yanaiangusha bustani hii.

Kubwa kuliko yote ni kwamba tuta la saiprasi liko hatua chache kutoka kwenye mitarakwa. Saiprasi ina wadudu mafuta wake, vijidudu vinavyofyonza utomvu, wale walioonekana Malawi mwaka 1986 na miaka michache baadaye wakawa wameenea Afrika Mashariki, wakikausha saiprasi za mashambani na kushambulia mitarakwa pia. Mtu anayejali asili ya mbegu kiasi hiki hapaswi kuweka miti hiyo bega kwa bega. Nilimwambia. Akasema eneo ni finyu na saiprasi ndiyo inayolipa maji. Namwelewa, lakini sikubaliani naye. Afadhali saiprasi ihamie nyuma ya nyumba. Kwa sasa, ukinunua, geuza matawi na kuangalia chini yake kabla ya kulipa. Ukiona masizi meusi yanayonata, dalili ya wadudu hao, acha huo.

Viriba vyake ni vifupi mno kwa mche unaokaa zaidi ya mwaka. Michache yangu ilikuwa na mzizi uliojikunja chini, na mzizi uliojikunja kitaluni hautanyooka mlimani. Kata ile sehemu iliyojikunja kwa wembe siku ya kupanda. Risiti nayo hutapata mpaka uombe, na ukishaomba utasubiri. Jumapili hafungui, na Jumamosi ana kijana anayejua kumwagilia tu. Ukimuuliza tofauti ya fungu la Shume na la Kilimanjaro atakuambia yote ni mitarakwa. Nenda siku mwenyewe yupo.

Na neno moja kwa wanaotaka nguzo leo na si miche ya mjukuu. Bustani hii haiuzi nguzo, ila utaziona mjini kwenye baadhi ya maduka ya mbao, nyekundu, zimeegemezwa ukutani. Omba uone kibali cha kusafirishia mazao ya misitu na alama ya nyundo ya maofisa wa misitu kwenye gogo. Mwenye mzigo halali anavyo, na hachukii kuulizwa. Asiye navyo atakuuliza wewe ni polisi? Nguzo hiyo iache, maana yawezekana imetoka ndani ya hifadhi, kwenye mti jike uliokuwa wa mwisho bonde zima. Mimi nimezungushia upanuzi wa boma letu nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa. Hazipendezi kama za baba, lakini zinasimama, na mitarakwa ipate nafasi ya kukua.

Ningeipa nyota nne kati ya tano. Ya tano inasubiri tuta la saiprasi lihame.

Ukiamua kwenda, miche ya mtarakwa hutolewa kuanzia katikati ya Novemba na huisha mapema, kwa hiyo weka oda Septemba; anachukua nusu ya pesa na kuandika jina lako kwenye kibao cha tuta. Nenda na urefu wa shamba lako kutoka usawa wa bahari, simu yoyote ya kisasa inaonyesha, na namba ya mtu anayeishi huko, kwa maana atampigia. Chukua makreti matupu ya soda, viriba vinakaa humo vizuri bila kulala. Kwa basi la Kondoa panda la alfajiri, lipia kreti kama mzigo, na mwambie kondakta lisiwekwe buti la upande wa injini: joto la pale linatosha kuua mche kabla hujafika Kondoa.